Udongo Mpya wa El Sauzal

Siku ya Jumatatu, Bwana Casildo aliingia El Sauzal juu ya farasi aliyesuguliwa mpaka akang'aa, na kabla hajakanyaga chini alikuwa ameshasifia mahindi, ameshasifia mbuzi, ameshamuuliza kila mwanamke hali ya mumewe kwa jina. Librada alikuwa uani kwa mama mkwe wake, Mama Eulogia, anapepeta maharage. Aliitikia salamu, akarudi kwenye ungo wake. Lakini macho yalibaki kwenye mikono ya yule bwana. Ilikuwa safi mno kwa mtu aliyepanda farasi tangu alfajiri.

Kijiji kizima kilimpenda Bwana Casildo. Alikuwa mtu wa mjini, anasema Kihispania, anasema Kiingereza, anavibadilisha kama mtu anavyobadilisha mkono wa kubebea ndoo. Mwaka uliopita alimshika mtoto wa Ramoncita kwenye maji ya ubatizo, akamletea kofia yenye utepe, na tangu siku hiyo akawa kompadre wake. El Sauzal ilikuwa na nyumba tisa tu. Aliye kompadre wa nyumba moja ni kompadre wa zote. Kompadre hangoji kufunguliwa mlango. Kompadre akikuambia jambo, humuulizi mara ya pili.

"Mama Eulogia," alisema, huku amevua kofia. "Mmarekani anakuja Jumamosi. Yule wa kuandika."

Mama Eulogia aliweka chini kibuyu cha maji. Librada naye aliacha kupepeta.

Hapakuwa na haja ya kuuliza kuandika nini. La Jarita, mwendo wa nusu siku kufuata mto, iliandikwa theluji ilipoyeyuka. Kabla maharage hayajatoa maua, waya ulikuwa umeshazungushiwa mashamba, na ng'ombe wenye chapa isiyojulikana walikuwa wanakula kilichopandwa na watu. Tangu bendera ya Wamexico ishushwe na ya Wamarekani ipandishwe, miaka karibu hamsini, mambo yalikuwa yanakwenda hivyo: anakuja mtu mpole, anaandika, anaondoka, halafu wanakuja wengine wasio wapole. Karatasi ya zamani ya ardhi ya El Sauzal, ile yenye muhuri, ilichukuliwa na wakili enzi za baba mkwe wa Mama Eulogia ikasomwe mji mkuu. Karatasi haikurudi, wala wakili.

"Anatazama nini huyo mtu?" aliuliza Mama Eulogia.

"Anatazama kama ninyi ni watu wa kukaa, au watu wa kupita. Huko ofisini wanasema Wamexico wanaishi kama kunguru, nyumba zao zinamomonyoka na wao wanatazama tu. Mimi nimesema hapana, hamjafika El Sauzal ninyi! Sasa msiniaibishe. Kwangueni udongo wote wa zamani, ndani na nje, mpaka tofali lionekane. Halafu mkandike upya. Akifika akute kijiji kinang'aa kama siku ya harusi."

"Mpaka tofali?" Mama Eulogia alicheka kidogo. "Kompadre, sisi tunakwangua pale palipobambuka tu. Hata askofu alipokuja hatukukwangua mpaka tofali."

"Askofu alikuja na kalamu ya kuwanyang'anya shamba?"

Wanawake waliokuwa wameshajaa uani walicheka, na hapo ndipo alipowashinda. Maana kukandika ni kazi ya wanawake. Wanaume hufyatua matofali na kuyapanga, basi, wanaacha. Na katika bonde lote lile Mama Eulogia ndiye aliyekuwa mkuu wa kukandika. Ukuta aliousiliba yeye kwa kipande cha ngozi ya kondoo ungeweza kuuegemezea shavu. Kuambiwa kwamba kuna mtu ofisini anasema nyumba zake zinamomonyoka kulimwingia mahali pabaya.

Wanaume hawakuwepo wa kuulizwa. Epimenio, mume wa Librada, alikuwa Colorado na kondoo wa watu. Wengine walikuwa wanakata mbao za reli. Waliobaki ni Mzee Tranquilino, mume wa Mama Eulogia, aliyesikia anapotaka, na wanawake.

Kesho yake wakaanza. Nyumba ya Nicanora, ya dada zake wawili, ya Ramoncita. Librada ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyepandishwa ngazi. Alikwangua juu chini ya boriti, alikwangua pembeni mwa mabomba ya moshi, alikwangua kuta za jikoni zilizokuwa ngumu kama jino. Vumbi lilimjaa kope.

"Librada, shuka ule!" Ramoncita alimwita kutoka chini, mtoto mgongoni. "Epimenio akirudi atasema nani huyu mzimu mweupe kitandani."

"Atafurahi," alisema Nicanora. "Mzimu hauombi viatu."

"Wala hausemi. Huyu tayari hasemi. Aliolewa akiwa nusu mzimu!"

Librada alicheka peke yake juu ya ngazi. Kweli hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama, na akishatazama huweka.

Udongo wa zamani huwa hautupwi. Unalowekwa shimoni, unakanyagwa na majani makavu ya ngano, unarudi ukutani. Walikuwa wameshaurundika karibu na shimo siku ya Jumatano, Bwana Casildo aliporudi.

"Huu wa nini hapa?" aliuliza.

"Tunauloweka."

"Hapana, mama zangu. Mgeni wa namna hii humpikii makombo. Mwageni mtoni. Kateni udongo mpya kule mlimani."

Walinung'unika, kwa sababu mlimani ni mbali na kikapu cha udongo ni mzigo wa kweli. Lakini walimwaga. Bwana Casildo hakushuka kwenye farasi na hakuondoka. Alikaa pale pale mpaka kikapu cha mwisho kikaingia majini na mto ukageuka rangi. Alishuka mara moja tu. Aliokota gamba la udongo lililoanguka kutoka jikoni kwa Nicanora, pana kama kiganja, akaligeuza ubavu, akautazama ule ubavu kwa muda. Halafu akalivunja kwa vidole, akapangusa mikono kwa leso.

Librada aliona. Alijiuliza: mtu wa mjini anatafuta nini kwenye ubavu wa udongo?

Alipopanda tena ngazi alibandua gamba na yeye, akaligeuza. Lilikuwa na mistari. Mweupe, halafu mweusi mwembamba kama uzi, halafu mweupe, halafu mweusi. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya mtakatifu wao walipaka jikoni udongo mweupe, na kila baridi moshi wa mwaka mzima uliugeuza mweusi, na mwaka unaofuata wakapaka tena juu yake. Alikuwa ameyaona hayo maisha yake yote, jinsi mtu anavyouona unyayo wake. Hakujua kwa nini safari hii moyo ulimshtuka. Aliliweka gamba chini, akaendelea kukwangua, kwa kuwa Mama Eulogia alikuwa anaita.

Siku ya Ijumaa walikuwa wamemaliza nyumba nane. Ilibaki ya Mama Eulogia mwenyewe, na huko nje na chumbani palikuwa tayari, bado jikoni. Ndipo alipopita Perfilia wa La Jarita na punda wake. Juu ya punda kulikuwa na godoro, sanamu ya mtakatifu imefungwa kwenye shuka, na sufuria mbili. Aliomba maji. Alipoinua uso kutoka kwenye kibuyu akaziona zile kuta mpya zinapiga jua, na maji yakamwagika kifuani mwake.

"Nani aliwaambia mkandike?" aliuliza.

Librada alimjibu.

"Ana farasi mwekundu? Anapangusa mikono kwa leso?"

"Huyo huyo. Kompadre wa Ramoncita."

"Kwetu alikuwa kompadre wa Hilaria." Perfilia alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na kitu ndani. "Mdogo wangu, sheria yao inasema miaka ishirini. Ukiwa umekaa miaka ishirini, nyumba ni yako. Hujafikisha, si yako, ni ya kampuni ya ng'ombe. Mmarekani akaja, akatia kidole ukutani, kidole kikatoka na udongo mbichi. Akaandika neno moja. Mwanangu anajua kusoma Kiingereza kidogo, amelisoma. Mpya. Nyumba zetu zote, mpya! Nyumba aliyozaliwa bibi yangu!"

"Hamkusema?"

"Tulisema sana. Yeye ndiye aliyekuwa anatafsiri."

Perfilia hakukubali kukaa. Alisema hataki kulala mahali pale, akampiga punda, wakaondoka.

Librada aliingia ndani mbio. Mama Eulogia alikuwa ameshasimama jikoni na kikwanguo chake mkononi, anapima ukuta wa mekoni pa kuanzia. Librada alimweleza yote, maneno yakigongana. Kwa mtu asiyesema, yalikuwa maneno ya mwaka mzima.

Mama Eulogia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole: "Unamwita kompadre mwizi ndani ya nyumba yangu?"

"Sikusema mwizi, mama."

"Umesema nini?"

"Nimesema ukuta huu tusiukwangue."

"Mwanamke amefukuzwa kwao, ana uchungu, atamsema hata malaika. Mtu aliyemshika mtoto kwenye maji ya ubatizo! Unajua maana yake? Akimdhulumu mama wa yule mtoto, mbingu zitamwangukia."

"Labda haogopi mbingu."

Kofi lilikuwa limeshainuka, likashuka bila kugonga. Mama Eulogia hakuwa mwanamke wa kupiga. "Ondoka hapo," alisema. "Mgeni hatakuta jikoni kwangu kuna moshi wa mwaka jana. Kuta zote za kijiji ziwe nyeupe, na za Eulogia ziwe chafu? Watasema nini?"

Librada hakubishana tena. Alichukua chungu kikubwa, akatia mahindi na nyama ya kondoo na pilipili nyekundu, akawasha moto mkubwa mekoni, akakiteleka. Chakula kile hakiivi leo. Moto ule hauzimwi mpaka kesho. Na ukuta wa mekoni moto ukiwaka hausogelewi na mtu mwenye kikwanguo.

"Ni cha mgeni, mama," alisema, mgongo wake umegusa ukuta. "Utampa nini mgeni?"

Walitazamana. Kwenye kiti chake pembeni, Mzee Tranquilino alikohoa. "Muache apike," alisema. "Mimi nina njaa tangu Jumanne. Mnakula udongo nyumba hii."

Mama Eulogia alitupa kikwanguo chini. Alikwangua kuta nyingine tatu kwa hasira, na ule wa mekoni akaupitishia tu udongo mweupe juu juu, kwa mkono, akijivuta kutoka kwenye joto na kumlaani mkwe wake kwa sauti ya chini. Ulipokauka, ulifanana na wenzake.

Jua la Jumamosi lilipokuwa kichwani, Mmarekani akafika. Alikuwa kijana, pua imebambuka kwa jua, na aliinama mlangoni ingawa mlango ulimtosha. Alikula bakuli tatu. Alisema kitu, Bwana Casildo akatafsiri kwamba hajala hivi tangu atoke kwao. Mama Eulogia akavimba kwa furaha. Nje, wanawake wa nyumba nane walikuwa wamesimama na nguo zao za kanisani, wanangoja zamu ya kukaribisha.

Halafu Mmarekani akainuka. Alikwenda chumbani, akatia kidole ukutani. Akakinusa kile kidole. Alitoka nje akazunguka, akarudi. Alimuuliza Mzee Tranquilino jambo kupitia kwa Bwana Casildo.

"Anauliza nyumba hii ina umri gani."

"Aliijenga baba yangu kabla bendera yao haijafika," alisema Mzee Tranquilino.

Bwana Casildo alitafsiri. Maneno ya mzee yalikuwa mengi. Ya Bwana Casildo yalikuwa machache. Mmarekani aliitikia kwa kichwa, akatoa kitabu, akaandika.

"Ameandika nini, kompadre?" aliuliza Mama Eulogia.

"Anasema nyumba nzuri. Nzuri kama mpya."

Lile neno lilimpiga Mama Eulogia usoni. Librada aliliona linavyompiga. Mama mkwe wake alianza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Librada alikwenda akachukua kisu cha kuchinjia.

"Binti, weka kisu," alisema Bwana Casildo kwa upole. "Utamtisha mgeni."

Mmarekani alikuwa ameshapeleka mkono kwenye bastola kiunoni. Librada hakumtazama. Alipiga magoti karibu na meko, akachora pembe nne ukutani, kipimo cha kitabu, akabandua. Udongo ulitoka kwa vipande vinene, vigumu, vinalia kama vigae. Aliusawazisha ubavu wa lile shimo kwa ncha ya kisu, akalamba kidole, akaupangusa mpaka mistari ikatoka. Mweupe, mweusi. Mweupe, mweusi. Halafu akasogea pembeni.

Mkono wa Mmarekani ulitoka kiunoni. Alichuchumaa. Bwana Casildo alisema kitu kwa Kiingereza, kifupi, huku anatabasamu, lakini kijana hakugeuka. Alitoa penseli, akaanza kugusa mistari mmoja mmoja kwa ncha yake. Midomo ilikuwa inacheza.

Mama Eulogia alikuja nyuma yao. Alianza chini kwa chini, kisha kwa sauti. "Huo wa mwaka jana. Huo wa mwaka alioolewa Librada. Huo mweusi sana, tulichoma mavi ya ng'ombe baridi nzima, kuni hazikuwepo. Huo wa nzige. Huo..." Penseli ilikuwa inakwenda na yeye alikuwa anaifuata, machozi yanamtoka na sauti haitetemeki. Penseli ilipita kumi, ikapita kumi na tano. Ilipofika ishirini na mbili ikasimama.

"Mwambie aendelee!" Mama Eulogia alimgeukia Bwana Casildo. "Hajafika hata alipozaliwa Epimenio! Mwambie!"

Bwana Casildo hakumwambia. Mmarekani alifungua kitabu, akapiga mstari juu ya neno aliloandika mwanzo, akaandika jingine. Librada hakujua kusoma, lakini neno lililokatwa linajulikana na kila mtu.

Habari ilitoka mlangoni kabla yao. Walipofika nje, Ramoncita ndiye alikuwa wa kwanza.

"Kwangu sasa. Librada, mdogo wangu, njoo na kisu chako. Njoo umwonyeshe na wa kwangu."

Wengine walipiga vigelegele. Nicanora alimshika Librada mkono, akamvuta. Walikuwa wameelewa nusu tu. Walikuwa wameelewa kwamba ndani ya kuta kuna kitu na kwamba Librada anajua kukitoa. Bwana Casildo alinyoosha mikono, akampokea mtoto wa Ramoncita, akampakata vizuri, utepe wa kofia ukaning'inia juu ya mkono wake msafi.

"Nenda, binti," alisema. "Mwonyeshe."

Librada alisimama. Alimtafuta mama mkwe wake kwa macho. Mama Eulogia alikuwa mlangoni pake, ameshika mwimo kwa mikono miwili, na hakuinua uso. Mto ulikuwa bado na rangi ya udongo kwenye kingo zake.

"Unangoja nini?" Ramoncita alicheka. "Unataka tukubembeleze?"

Akaenda. Aliingia jikoni kwa Ramoncita, akapiga magoti karibu na meko, Mmarekani nyuma yake, wanawake wamejaa mlangoni mpaka mwanga ukapungua. Alichora pembe nne. Kisu kiliingia bila kazi. Udongo mweupe, mbichi, unene wa kidole kimoja, na nyuma yake tofali lililokwanguliwa vizuri sana.

"Hapo sipo," alisema Ramoncita. "Jaribu juu."

Alijaribu juu. Alijaribu nyuma ya bomba la moshi, chini ya kibao cha mtakatifu, kwenye kona ambako mkono hauingii, mahali ambapo yeye mwenyewe siku ya Jumanne alisimama kwenye ngazi na kusifiwa kwa kutoacha hata alama. Kila alipochoma alikutana na tofali. Vicheko vilikuwa vimekwisha. Penseli ya Mmarekani ilikuwa inangoja juu ya karatasi.

"Jaribu pale, basi," alisema Ramoncita, sauti ndogo. "Pale karibu na dirisha. Librada. Pale."

Librada alihamia dirishani, akaweka ncha ya kisu. Nyuma yake Nicanora na dada zake walikuwa wameshajipanga kwenye mstari, wanangoja zamu.